Kofia ya Sufu Kutoka Basotu na Historia Mbili za Winnipeg Jets

Nyuma ya mlango wa sebule ya baba yangu, hapa Dodoma, kuna msumari, na kwenye msumari huo huning'inia kofia ya sufu yenye rangi ya buluu, nyekundu na nyeupe, ambayo ni kongwe kuliko mdogo wangu wa mwisho. Baba aliipata katika miaka ya 1980, alipokuwa fundi wa matrekta na mashine za kuvunia katika mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, wilayani Hanang, yaliyoendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Mradi ule una mjadala wake mzito kuhusu ardhi ya wafugaji wa Kibarabaig, nao unastahili makala yake peke yake. Mtaalamu mmoja wa Kikanada, mwenyeji wa jimbo la Manitoba, alipomaliza mkataba wake alimwachia baba seti ya spana pamoja na kofia hiyo, akamwambia kwamba baridi ya Julai ya Hanang ilikuwa imemfanya awakumbuke watu wa kwao.

Mbele ya kofia pameshonwa neno moja tu, Jets. Kwa miaka mingi nyumbani tuliamini kuwa ni kofia ya kampuni ya ndege, na baba mwenyewe hakuwahi kutusahihisha, kwa sababu naye aliamini hivyo hivyo. Ilinichukua mpaka utu uzima, nilipopata intaneti ya kutosha kwenye simu, kutambua kwamba ni kofia ya timu ya kulipwa ya mpira wa magongo wa barafuni, Winnipeg Jets. Nilipoendelea kusoma ndipo nilipokutana na jambo ambalo halijaniacha hadi leo: timu iliyotengeneza kofia ile haipo tena Winnipeg, ilhali Winnipeg Jets inacheza kila wiki ya msimu, na kwa mujibu wa vitabu vya ligi timu hizo mbili hazina undugu wowote. Jiji ni lile lile, jina ni lile lile, mashabiki wengi ni wale wale waliozeeka, lakini karatasi zinasema historia ni mbili. Mimi siamini karatasi hizo, na katika andiko hili nitaeleza kwa nini.

Kwanza niliweke jiji lenyewe mbele ya msomaji. Winnipeg ni makao makuu ya Manitoba, jiji la bara lililo karibu na katikati ya Kanada kati ya mashariki na magharibi, kwenye tambarare za ngano, mbali na bahari zote mbili. Jina lake linatokana na maneno ya lugha ya Wakree yenye maana ya maji ya matope. Wazee wa Kigogo nao husimulia kwamba Dodoma ilipata jina lake pale tembo aliyeshuka kunywa maji alipozama matopeni, ndipo watu wakasema idodomya, yaani amezama. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 iliwahesabu Winnipeg watu takribani 750,000, nayo sensa yetu ya mwaka 2022 ikalihesabia Jiji la Dodoma watu takribani 765,000. Ni miji inayolingana kwa watu, yote miwili ya bara, yote miwili imezoea kutazamwa kwa huruma na watu wa miji mikubwa zaidi. Tofauti kubwa ni kwamba usiku wa Januari Winnipeg hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na kuzidi, ambapo mito huganda na watoto hujifunza kuteleza juu yake kama wa kwetu wanavyojifunza kupiga danadana.

Mchezo wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Kila timu huwa na wachezaji 6 uwanjani, mmoja wao akiwa mlinda mlango, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma na kushika magongo, wakigombea kisahani kizito cha mpira mgumu juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 61. Kuna vipindi 3 vya dakika 20 kila kimoja, na wachezaji hubadilishana kila baada ya sekunde 40 au 50 kwa kuwa hakuna mapafu yanayohimili kasi ile kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1971 ilianzishwa ligi mpya iliyoitwa WHA kushindana na ligi kongwe ya NHL, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa mfanyabiashara wa Winnipeg, Ben Hatskin. Ligi ile ilikuwa na tatizo moja kubwa: hakuna aliyeamini kwamba itaishi. Hatskin akamwendea Bobby Hull wa Chicago, mfungaji aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake, ambaye alikuwa amekwisha kufunga mabao 604 katika NHL na kutwaa Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, mwaka 1961. Alimwahidi mkataba wa miaka 10 pamoja na dola milioni 1 za kusaini, fedha ambazo hakuna mchezaji wa mchezo huo aliyewahi kuziota. Wamiliki wa timu nyingine za WHA walichangia fedha hizo, kwa sababu walijua kuwa Hull akija, ligi nzima itakuwa imekuja. Tarehe 27 Juni 1972 alisaini mbele ya umati kwenye makutano ya barabara za Portage na Main, katikati ya Winnipeg, mahali pasifika kwa upepo mkali. Siku ile mishahara ya wachezaji wa barafuni katika Amerika ya Kaskazini ilianza kupanda na haikushuka tena. Adhabu yake ilikuja mapema: mwaka huo huo Kanada ilipocheza mfululizo wake maarufu dhidi ya Umoja wa Kisovieti, Hull aliachwa nje ya timu ya taifa kwa kosa la kuhamia ligi isiyotambuliwa na wakubwa.

Kitu ninachokihusudu zaidi katika enzi hiyo ni kile kilichofanyika mwaka 1974. Wakati huo klabu za Kanada na Marekani ziliamini kwamba wachezaji wa Ulaya ni laini, kwamba wakigongwa mara mbili watarudi makwao. Jets wakawaleta Waswidi Anders Hedberg na Ulf Nilsson wacheze pembeni na katikati pamoja na Hull, wakamleta pia beki Lars-Erik Sjöberg, ambaye baadaye alikuwa nahodha, na Wafini kadhaa. Watatu wale wa mbele walicheza kwa kubadilishana nafasi, kuzunguka na kurudisha kisahani nyuma ili kutafuta njia mpya, badala ya kukitupa mbele na kukikimbilia kama ilivyokuwa desturi. Katika msimu wao wa kwanza pamoja Hull alifunga mabao 77. Walipigwa sana, tena kwa makusudi, katika viwanja vya ugenini, na hawakurudi makwao. Namna mchezo huu unavyochezwa leo, kwa pasi nyingi na kasi, ina mzizi mmojawapo katika mji huu mdogo wa ngano, na sielewi kwa nini jambo hili halitajwi mara nyingi zaidi.

Timu hiyo ilitwaa Kombe la Avco, lililokuwa taji la WHA, mwaka 1976, 1978 na 1979. Januari 1978 iliifunga timu ya taifa ya Kisovieti mabao 5 kwa 3 mjini Winnipeg, huku Hull akifunga matatu. Fainali ya mwaka 1979 waliishinda Edmonton Oilers iliyokuwa na kijana wa miaka 18 aitwaye Wayne Gretzky. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho kabisa ya ligi ile, kwa maana wamiliki walikuwa wamechoka kupoteza fedha, na NHL ikakubali kuzipokea timu 4 tu: Winnipeg, Edmonton, Quebec na Hartford.

Mapokezi yenyewe yalikuwa ya kikatili. Klabu za NHL ziliruhusiwa kuwarejesha wachezaji ambao haki zao zilizishika tangu zamani, na kila timu mpya iliweza kuwakinga wachache mno. Mabingwa wa Winnipeg wakavuliwa nyama, wakabaki mifupa. Katika msimu wa 1980–81 walishinda mechi 9 tu kati ya 80, na katikati yake walicheza mechi 30 mfululizo bila ushindi, rekodi mbaya ambayo haijafikiwa na timu nyingine yoyote ya NHL. Nimejaribu kufikiria kuwa shabiki wa timu iliyotwaa ubingwa Mei 1979 na miezi 18 baadaye inamaliza Novemba nzima bila kushinda. Watu wa Winnipeg waliendelea kwenda uwanjani.

Malipo ya kuvuta mkia yalikuwa haki ya kuchagua kwanza katika uteuzi wa vijana wa mwaka 1981, nao wakamchagua Dale Hawerchuk. Katika msimu wake wa kwanza timu iliongeza pointi 48 kuliko msimu uliotangulia, kutoka 32 hadi 80, naye akapewa tuzo ya mchezaji chipukizi bora. Hakuwa mchezaji wa kishindo; alikuwa na mikono yenye akili, aliweza kukipitisha kisahani mahali ambapo mtazamaji haoni tundu. Msimu wa 1984–85 alifunga mabao 53 na kufikisha pointi 130 (kwa mchezaji, kila bao au pasi ya bao ni pointi moja), timu ikamaliza na pointi 96 kwenye msimamo, na nilipofika hapo katika kusoma nilidhani sasa ndipo kombe linapokuja. Halikuja. Hawerchuk aliumizwa mbavu katika mzunguko wa kwanza wa mtoano dhidi ya Calgary, na mzunguko uliofuata walikutana na Edmonton.

Edmonton ndiyo msiba wa Jets ya kwanza. Yule kijana Gretzky alikuwa amekua, akazungukwa na kizazi kilichotwaa Kombe la Stanley mwaka 1984, 1985, 1987, 1988, na tena mwaka 1990 yeye akiwa amekwisha kuuzwa. Winnipeg waliwekwa katika kundi moja nao, hivyo njia ya kutoka kwenye kundi ilipita nyumbani kwa mabingwa wa dunia. Walitolewa na Edmonton mara 6 kati ya mwaka 1983 na 1990. Mara ile ya mwisho iliuma kupita zote, kwa sababu walikuwa wanaongoza kwa mechi 3 kwa 1, baada ya Dave Ellett kufunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza wa pili, na walihitaji mechi moja tu kati ya tatu. Walipoteza zote tatu.

Hata hivyo miaka hiyo ndiyo iliyozaa desturi ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1987 walikutana na Calgary Flames, ambao mashabiki wao walikuwa wakijaza uwanja kwa mavazi mekundu. Watu wa Winnipeg wakajibu kwa kuvaa nyeupe, kuanzia kofia hadi viatu, na uwanja mzima ukaonekana kama tambarare yao wakati wa theluji. Waliwatoa Flames, desturi ikabaki, na ikapewa jina linalomaanisha weupe wa kimbunga cha theluji, pale mtu anaposhindwa kuona hata mkono wake. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka 1955, ulikuwa na ngazi zenye mteremko mkali na picha kubwa mno ya Malkia Elizabeth wa Pili ikining'inia upande mmoja, na wote waliocheza humo wanakubaliana kuhusu jambo moja, kwamba kelele zake zilikuwa za kutisha.

Msimu wa 1992–93 akaja Teemu Selänne kutoka Helsinki. Rekodi ya mabao ya mchezaji wa msimu wa kwanza ilikuwa 53, iliyowekwa na Mike Bossy miaka 15 kabla. Selänne aliivunja tarehe 2 Machi 1993, akarusha glavu yake hewani na kuigeuza gongo kama bunduki akiipiga risasi, kisha akaendelea hadi mabao 76. Rekodi hiyo ipo mpaka leo, na sitashangaa kama wajukuu zangu wataikuta palepale.

Lakini kufikia hapo hesabu zilikuwa zimeanza kuitafuna timu kimyakimya. Wachezaji walilipwa kwa dola za Marekani, tiketi ziliuzwa kwa dola za Kanada, na dola ya Kanada iliyokuwa na thamani ya takribani senti 87 za Marekani mwaka 1991 ilikuwa imeshuka hadi takribani senti 73 mwaka 1995. Mishahara ilipanda bila kikomo, kwa kuwa ligi haikuwa na kiwango cha juu cha mishahara. Ukumbi wa zamani haukuwa na vyumba vya kifahari vya kukodisha kwa makampuni, ambavyo kwingineko vilikuwa vimekuwa chanzo kikuu cha mapato. Wamiliki walitaka ukumbi mpya, serikali za jiji na jimbo zilisita kubeba gharama, na Mei 1995 ikatangazwa kwamba mwisho umefika. Lilifanyika tukio la kuagana ndani ya ukumbi, watu wakilia waziwazi, na jezi namba 25 ya Mswidi Thomas Steen, aliyeichezea timu hiyo tangu mwaka 1981, ikapandishwa darini, heshima inayomaanisha kwamba namba hiyo haitavaliwa tena.

Siku chache baadaye umati uliokadiriwa kufikia watu 35,000 ulikusanyika mahali paitwapo The Forks, pale mito miwili ya jiji inapokutana, kuchangia fedha za kuinunua timu yao. Watoto walileta vibubu vyao. Nimeangalia picha za siku hiyo mara nyingi, na ninakiri kwamba picha ya mtoto aliyeshika kibubu mikononi ndiyo iliyonifanya niache kuiona habari hii kama ya watu wa mbali. Fedha zilizopatikana ziliinunulia timu msimu mmoja tu. Februari 1996 Selänne aliuzwa Anaheim. Tarehe 28 Aprili 1996 walipoteza kwa Detroit Red Wings mabao 4 kwa 1, Norm Maciver akifunga bao la mwisho la Jets ya kwanza, na baada ya kipenga mashabiki walikataa kutoka ukumbini. Timu ilihamia Phoenix, jangwani Arizona, ikaitwa Coyotes.

Hapa ndipo karatasi zinapoingia. Timu iliyohama ilibeba kila kitu: mabao 76 ya Selänne, pointi za Hawerchuk, hata zile mechi 30 bila ushindi, vyote vikawa vya Phoenix kwenye vitabu vya ligi. Jezi namba 9 ya Hull, ambaye hakuwahi kuichezea Phoenix hata dakika moja, ilitundikwa huko, na mwaka 2005 ikashushwa kwa ridhaa yake ili mwanawe Brett aivae mwishoni mwa maisha yake ya uchezaji.

Anayedhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao na aende Singida, saa chache kutoka hapa kwa basi. Mwaka 2022 timu ya DTB iliyopanda daraja ilipelekwa kule ikawa Singida Big Stars, mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, kisha mwaka 2024 ikaondoka na kuweka makao Babati kama Fountain Gate, wakati huohuo Ihefu iliyotoka Mbarali ikiingia Singida na kuwa Singida Black Stars. Shabiki wa Singida aliyekaa kiti kilekile cha Uwanja wa Liti misimu hiyo yote ameshangilia timu ngapi? Msajili atatoa jibu moja, na shabiki mwenyewe atatoa jingine, nami ningependa jibu la shabiki lipewe uzito.

Winnipeg ilisubiri miaka 15. Haikuwa miaka ya kukaa tu. Mwaka ule ule wa 1996 ilipokea timu ya daraja la chini, Manitoba Moose, iliyotoka Minnesota, na kundi la wafanyabiashara lililoongozwa na Mark Chipman likaisimamia kwa utulivu. Mwaka 2004 ukafunguliwa ukumbi mpya katikati ya jiji, mahali lilipokuwa duka kubwa la Eaton's. Ulikuwa na viti takribani 15,000, vichache kwa viwango vya NHL, na wakosoaji walisema umejengwa mdogo mno kwa ligi kuu na mkubwa mno kwa ligi ndogo. Ukumbi wa zamani ulibomolewa mwaka 2006. Wakati huohuo ulimwengu ulikuwa unageuka upande wao bila wao kuuomba: mgogoro wa mikataba ulifuta msimu mzima wa 2004–05, na ulipokwisha NHL ikaweka kikomo cha mishahara, kitu ambacho kingeiokoa timu ya kwanza kama kingekuja miaka 10 kabla. Dola ya Kanada nayo ikapanda hadi kulingana na ya Marekani. Sisi wa Dodoma tulioambiwa mwaka 1973 kwamba Serikali inahamia kwetu, tukaona wizara zikija kweli kuanzia mwaka 2016, tunaelewa tofauti ya kungoja mikono mitupu na kungoja huku jengo likiinuka.

Tarehe 31 Mei 2011 kampuni ya True North ya Chipman na tajiri David Thomson ilitangaza kuinunua Atlanta Thrashers na kuihamishia Winnipeg. Ligi ilitaka ushahidi kwamba mji utaibeba timu, kwa hiyo likawekwa lengo la kuuza tiketi 13,000 za msimu mzima. Zilipofunguliwa kwa umma, zilizobaki ziliisha ndani ya dakika chache. Jina la Jets lilirudishwa mwezi uliofuata. Tarehe 9 Oktoba 2011 walicheza mechi ya kwanza dhidi ya Montreal Canadiens, wakafungwa 5 kwa 1, na Nik Antropov alipofunga lile bao moja ukumbi ulipokea kama ubingwa.

Lazima niseme neno kuhusu Atlanta, kwa sababu furaha ya Winnipeg ilikuwa kilio cha watu wengine. Jiji hilo lilikuwa limeshapoteza timu mwaka 1980, ilipohamia Calgary na kubaki na jina lake la Flames. Wale wale Flames ambao Winnipeg waliwavalia nyeupe. Shabiki wa Atlanta aliyepoteza timu mbili, zote zikaenda Kanada, hana sababu ya kushangilia simulizi hii, nami simlaumu. Na kwa mujibu wa vitabu, Jets ya sasa ni mrithi wa Atlanta: rekodi zake za klabu zinaanzia mwaka 1999 huko Georgia.

Klabu yenyewe inaonekana kujua kwamba jambo hilo haliingii moyoni mwa mtu. Mwaka 2016 ilianzisha ukumbi wa heshima, na watu watatu wa kwanza kuingizwa hawakuwa wa Atlanta; walikuwa Hull, Hedberg na Nilsson. Hawerchuk alifariki Agosti 2020, na miaka miwili baadaye ikasimamishwa sanamu yake karibu na ukumbi mpya, ambao hakuwahi kuuchezea. Mashabiki walivaa nyeupe tena katika mtoano wa mwaka 2015, wa kwanza kwa timu mpya, na waliokuwa watoto wa vibubu walikuja na watoto wao. Hebu karatasi zituonyeshe ni wapi pengine historia hiyo inaweza kukaa. Arizona yenyewe ilishindwa kuitunza: baada ya kufilisika mwaka 2009, kusimamiwa na ligi, na kumalizia katika ukumbi wa chuo kikuu wenye viti visivyofika 5,000, Coyotes ilimaliza safari yake Aprili 2024, wachezaji wakahamishiwa Utah kuanzisha klabu mpya.

Timu mpya ilifika nusu fainali ya ligi mwaka 2018 na kutolewa na Vegas, lakini sitaki kuificha habari isiyopendeza iliyofuata. Baada ya janga la korona tiketi za msimu zilishuka kutoka 13,000 hadi chini ya 9,500, na mapema mwaka 2024 Chipman mwenyewe alisema hadharani kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Watu wa Winnipeg wanajua maneno ya namna hiyo huishia wapi, na idadi ikaanza kupanda tena.

Kisha ukaja msimu wa 2024–25. Winnipeg ilimaliza ya kwanza katika ligi nzima kwa pointi 116, na mlinda mlango wake Connor Hellebuyck akapata tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mechi nyingi za msimu huanza saa 10 alfajiri kwa saa zetu, nami nimezoea kutega simu na kutazama bila sauti ili nisiwaamshe wenye nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2025 walikuwa kwenye mechi ya 7 dhidi ya St. Louis Blues, nyuma kwa bao moja, na zikiwa zimebaki sekunde mbili hivi Cole Perfetti alisawazisha. Nahodha Adam Lowry alipofunga katika muda wa nyongeza wa pili kulikuwa kumepambazuka, na nilikuwa nimesahau kabisa habari ya kutowaamsha watu.

Mzunguko uliofuata walikutana na Dallas Stars. Tarehe 17 Mei, siku ya mechi ya 6, Mark Scheifele, mchezaji wa kwanza kabisa kuteuliwa na Jets hii mpya mwaka 2011, aliamka na taarifa kwamba baba yake amefariki usiku. Alicheza. Alifunga bao pekee la Winnipeg. Sekunde za mwisho za muda wa kawaida alimwangusha mpinzani aliyekuwa anakimbilia lango, akapewa adhabu, na alikuwa amekaa kwenye kibanda cha adhabu Thomas Harley alipofunga bao la Dallas lililomaliza msimu.

Asubuhi hiyo, tukiwa kwenye chai, nilimsimulia baba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza lolote kuhusu mabao, kisha akasema, "Na hao waliowashinda, walimpa pole?" Nikamwambia kwamba mchezo huu una desturi ya kupanga mstari mfululizo unapokwisha, na kwamba wachezaji wa Dallas walipomfikia hawakuishia kumpa mkono, walimkumbatia mmoja baada ya mwingine. Baba alinyamaza kidogo, akasema wamefanya vizuri, kisha akaniomba nimshushie kofia yake kwenye msumari, kwa kuwa upepo wa Mei ulikuwa umeanza kuvuma na alitaka kutoka nje kuota jua.